Nani Anaisemea Kambi Bungeni?

Kambi za mafunzo ya kijeshi kwa vijana, katika nchi zetu, zimefungwa mara nyingi na kalamu ya mhasibu. Zambia iliacha kuwapeleka wahitimu wa kidato cha tano kwenye huduma ya taifa (ZNS) mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bei ya shaba ilikuwa imeanguka na hazina haina kitu. Tanzania ilisitisha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa wasomi mwaka 1994 kwa sababu hiyo hiyo ya fedha. Kenya, iliyokuwa imeanza mwaka 1984 kuwapitisha katika Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) vijana wote waliochaguliwa kwenda chuo kikuu, iliachana na utaratibu huo kufikia 1990. Katika nchi hizo tatu sikumbuki bunge lililokaa likajadili kwa kina kama mafunzo hayo yalikuwa mema au mabaya, kisha likapiga kura. Fungu lilipungua, mwaka uliofuata likapungua tena, hatimaye wito haukutoka.

Ndiyo maana swali la nani anakwenda kuzungumza na wabunge kwa niaba ya chuo cha kijeshi ni zito kuliko linavyoonekana. Chuo chenyewe hakiwezi kujisemea. Mkuu wake ni mwanajeshi, na mwanajeshi akianza kuwashawishi wabunge tumeingia kwenye jambo lingine kabisa, la hatari. Wizara inasema kile serikali inataka isemwe. Wanabaki waliopita pale, wakavua sare, wakawa walimu, wahandisi, wafanyabiashara, na wengine wabunge. Hao wanalijua jambo kwa ngozi yao, na hakuna wa kuwaamrisha. Je, wana haki ya kulisukuma bunge? Na wakilisukuma, wanamtetea nani?

Maswali haya nayauliza nikiwa na ufuo wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, kichwani. Kafutuma na vijiji vingine vya ukanda wa Nchelenge, mkoa wa Luapula, viko mbali na kila kambi na kila bunge. Hapa Kibemba ndicho cha nyumbani, na Kiswahili kinavuka maji pamoja na wafanyabiashara wa Kilwa na Pweto upande wa Kongo. Tangu 2018 kimeongezewa nguvu na wakimbizi waliopewa makazi Mantapala. Kijana wa hapa aliyemaliza shule ana ziwa, ana dagaa wanaoitwa chisense wakianikwa juani, na akibahatika ana mtaji wa kuwapeleka sokoni Kashikishi. Kambi ya huduma ya taifa iliyo karibu naye ni Luamfumu, wilaya ya Mansa, na kuifika ni safari ya kutwa kwa basi. Kwake ZNS si habari ya uzalendo peke yake. Ni karo, ni cheti cha ufundi, ni nafasi ya kutoka.

ZNS ya leo inatokana na Huduma ya Vijana iliyoanzishwa Zambia ikikaribia uhuru, kisha ikapewa sheria yake mwaka 1971. Katikati ya muongo huo, Rais Kenneth Kaunda alitangaza mpango wa kujenga upya vijiji, na kambi zikasambazwa nchini. Waliomaliza kidato cha tano walipelekwa huko kabla ya chuo au kazi. Walianza na kwata na silaha, wakafuata jembe na ufundi. Sababu ya silaha ilionekana kwa macho. Rhodesia ilikuwa vitani, na mwaka 1978 ndege zake zilishambulia kambi za wapigania uhuru ndani ya Zambia kwenyewe. Nchi iliyozungukwa hivyo ilikuwa na haki ya kutaka kila kijana ajue kushika bunduki.

Waliopita wakati ule leo wako kwenye miaka ya sitini. Ukikaa nao, wengi watakwambia kwamba vijana wa siku hizi wangenyooka kama wangepelekwa kambini. Kauli hiyo inasikika Lusaka, inasikika Dodoma, inasikika Nairobi, na ina ukweli ndani yake: waliolala bweni moja wakiwa wametoka mikoa yote walijuana kwa namna ambayo hotuba haziwezi kuleta. Lakini mzee anayesema hivyo anazungumzia ujana wake. Kijana wa Nchelenge anauliza jambo jingine: nikitoka huko nitakuwa nani? Pengo kati ya kauli hizo mbili ndilo linaloamua kama sauti ya wahitimu bungeni inajenga au inapoteza muda wa watu.

Kwa jirani zetu wa kaskazini, Tanzania, pengo hilo limeonekana wazi kuliko kokote, na historia ya JKT inastahili kufuatwa kwa utulivu.

Jeshi la Kujenga Taifa lilizinduliwa tarehe 10 Julai 1963. Mwanzoni lilikuwa la kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua kuwa kila mhitimu wa elimu ya juu na wa sekondari alazimike kulitumikia kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo apate asilimia 40 tu ya mshahara ambao angelipwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu na mabango, mojawapo likidai kuwa maisha yalikuwa nafuu wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 na kuwarudisha vijijini kwao. Siku ile ile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kutangaza kuwa mishahara ya wakubwa nayo itapunguzwa. Mmoja wa waliokuwa mbele katika mgomo ule, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010.

Sitta ni mfano wa jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Kizazi kilichokataa JKT na kizazi kilichoipenda vilikutana baadaye kwenye viti vile vile vya bunge, na kwa miaka ya baada ya 1994 wabunge na wazee waliendelea kuuliza JKT itarudi lini. Hapakuwa na chama kimoja cha wahitimu wa JKT chenye ofisi na muhuri. Hakikuhitajika, kwa sababu wahitimu walikuwa serikalini tayari. Waziri alipita kambi ya Ruvu, katibu mkuu alipita Makutupora, mbunge alipita Mafinga. Walipoulizana kuhusu JKT waliulizana kuhusu maisha yao wenyewe, na sina shaka hilo lilirahisisha kazi.

Mwaka 2013 ikarudi. Rais Jakaya Kikwete aliizindua upya Machi mwaka huo, na jambo la kipekee likatokea: kundi la wabunge vijana, wa chama tawala na wa upinzani, liliingia kambini kwa wiki kadhaa. Walivaa bukta, wakakimbia mchakamchaka, wakaitikia afande kama kuruti wengine. Kuna waliosema ni maonyesho ya kamera. Kwangu ni miongoni mwa mambo ya busara ambayo bunge lolote la kanda hii limefanya kuhusu mafunzo ya kijeshi, kwa sababu mbunge aliyelala kwenye kitanda cha kambi hawezi tena kupitisha fungu la kambi bila kujua godoro lake likoje. Kwa muda mfupi mtunga sheria na mhitimu walikuwa mtu mmoja.

Tazama sasa kinachomfikia kijana mwenyewe. Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikimalizika, JKT hutoa majina na kambi walizopangiwa: Rwamkoma, Msange, Oljoro, Bulombora, Kanembwa, Mlale na nyinginezo. Tangazo huja na orodha ya vitu vya kubeba: bukta ya bluu iliyoiva, yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, ya kufika magotini; fulana ya kijani; raba; shuka mbili za bluu bahari; soksi ndefu nyeusi; nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi; na nauli ya kwenda na kurudi. Mzazi mwenye duka anasoma orodha hiyo kwa dakika mbili. Mzazi anayevua anaisoma akihesabu. Ukitaka kujua kama wahitimu walioko bungeni wanakumbuka vizuri, angalia kama yupo aliyewahi kusimama akauliza juu ya shuka mbili na nauli.

Aprili 2021 likatokea lingine, na hili lilikuwa la uchungu. Vijana 854 wa kujitolea, ambao walikuwa wametumia miaka yao kambini na kwenye kazi za ujenzi, waligoma na kutaka kuandamana kuelekea Ikulu ya Chamwino wakidai ajira jeshini. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuwa wamefutwa na kurudishwa makwao. Kijeshi hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa jeshi linalobembeleza mgomo halitakuwa jeshi kwa muda mrefu. Lakini wale vijana walikuwa wanafanya kile kile ambacho wahitimu wa chuo chochote hufanya, yaani kuwafuata wenye mamlaka kuhusu hatima yao. Tofauti ni kwamba walikuwa bado ndani ya sare, hawakuwa na mtu wa kuwasemea bungeni, na walikwenda kwa miguu. Wazee waliosukuma JKT irudi walipaswa kuwa wamelisukuma swali hili pia, mapema, kwenye kamati ya ulinzi na usalama, kabla halijafika barabarani. Kutetea kambi bila kutetea wanaotoka kambini ni kazi iliyoachwa katikati.

Uganda ilichagua njia nyingine. Tangu Katiba ya 1995, jeshi lenyewe lina wawakilishi kumi ndani ya Bunge. Wapo wanaoutetea utaratibu huo kwa kusema kwamba nchi yenye historia ya mapinduzi ni bora imwone mwanajeshi kwenye benchi akisikiliza kuliko imwone na kifaru barabarani. Sikubaliani nao. Mwanajeshi aliye kazini hupokea amri, na kura yake haiwezi kuwa huru na amri hiyo. Mhitimu aliyevua sare yuko tofauti kwa sababu hana kamanda, na uhuru huo ndio unaompa haki ya kusema. Ukimwondolea, umebaki na jeshi linalojiombea bajeti kwa mdomo wake mwenyewe.

Kenya inafundisha somo la fedha. NYS iliundwa mwaka 1964, na chuo chake cha Gilgil kimewapitisha maelfu. Mwaka 2015 nchi ilitikiswa na upotevu wa shilingi milioni 791 za NYS, na 2018 sakata jingine la mabilioni likafuata. Mwaka huo huo sheria mpya ikaigeuza NYS kuwa shirika la umma. Katika misukosuko hiyo vijana waliokuwa kambini ndio walioonekana kama wameshiriki uchafu, ilhali hawakugusa hata senti. Hapo mhitimu anayeipenda NYS kwa dhati alikuwa na kazi ya kwenda bungeni kudai wezi wakamatwe, kwa sauti kubwa kuliko hata wapinzani wa NYS. Anayekwenda kuomba fungu liongezwe na kukaa kimya kuhusu fungu lililoibwa haitetei kambi.

Hata hivyo, mahali ambapo wahitimu wa chuo cha kijeshi wameonyesha nguvu zao zote, nzuri na mbaya, ni mbali na sisi, katika jimbo la Virginia nchini Marekani. Chuo cha Kijeshi cha Virginia, kilichoko mji wa Lexington, kilianzishwa mwaka 1839. Ni chuo cha umma cha jimbo. Bunge la jimbo mjini Richmond linakipa fedha, gavana anateua wajumbe wa bodi, na sehemu kubwa ya wajumbe hao ni wahitimu wenyewe. Kwa miaka 150 na zaidi hakikupokea wanawake. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura saba dhidi ya moja na kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, ilisema chuo kinacholipiwa na umma hakiwezi kuwafungia wanawake mlango.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Wahitimu wenye fedha walianza kujadili kwa dhati kukinunua chuo kutoka kwa jimbo ili kiwe cha binafsi na kibaki cha wanaume. Bodi ilipopiga kura Septemba mwaka huo, uamuzi wa kuwapokea wanawake ulipita kwa 9 dhidi ya 8. Kura moja tu! Wanawake wa kwanza waliingia Agosti 1997. Watu waliokuwa tayari kukitoa chuo mikononi mwa umma ndio waliojiona kuwa watetezi wake wakubwa, na hawakuwa wanafiki: walikipenda. Walichokipenda kilikuwa chuo cha ujana wao.

Mvutano haukuishia hapo. Baada ya malalamiko ya wanafunzi weusi kusikika mwaka 2020, jimbo liliagiza uchunguzi, na ripoti ya 2021 ilisema wazi kuwa ubaguzi wa rangi na wa jinsia ulikuwa umeota mizizi chuoni. Jenerali mstaafu Cedric Wins, mhitimu wa mwaka 1985, akawa mkuu wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Wahitimu waligawanyika. Wako waliomuunga mkono, na wako waliojipanga, wakachangishana fedha za kisiasa, wakasema anakiharibu chuo. Februari 2025 bodi ilikataa kumwongezea mkataba. Wabunge wa jimbo wakajikuta wakisikiliza makundi mawili ya wahitimu wa chuo kimoja, kila moja likiapa kuwa ndilo lenye chuo.

Kwa hiyo mbunge anayepokea ujumbe wa wahitimu asiridhike na tai zao na nyaraka zao. Awaulize mmoja mmoja: kati yenu nani ameingia pale miaka kumi iliyopita? Nani ni mwanamke? Nani ametoka kijiji kisicho na lami? Ujumbe wa wazee watupu wa mjini unaleta kumbukumbu. Ujumbe wenye mchanganyiko unaleta taarifa, na taarifa ndiyo bunge linahitaji ili kugawa fedha.

Zambia ina faida moja ambayo Tanzania na Virginia hazina kwa namna hiyo hiyo. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao kila mtu anauita CDF, uliruka kutoka kwacha milioni 1.6 kwa jimbo mwaka 2021 hadi milioni 25.7 mwaka 2022, na umeendelea kukua tangu hapo. Sehemu ya mfuko imetengwa kwa karo za sekondari za bweni na mafunzo ya ufundi. Maombi huanzia kamati ya kata, yanapanda hadi kamati ya jimbo, na mbunge anahusika. Maana yake ni kwamba mhitimu wa ZNS anayetaka kijana wa Kafutuma apate nafasi ya ufundi hahitaji kusafiri hadi Lusaka kuomba sheria ibadilishwe. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye chumba cha mikutano cha halmashauri ya Nchelenge.

Ya kitaifa yanabaki ya kitaifa. Kama kambi zipanuliwe, kama mafunzo yawe ya lazima tena au ya hiari, hayo yanakwenda kwa Bunge, na bajeti inaposomwa kila Septemba kamati zake hupokea maoni ya wananchi. Mimi nasimama upande wa hiari. Ulazima unahitaji kambi za kutosha wote, na kambi za kutosha wote hazijawahi kuwepo Zambia wala Tanzania. Ukilazimisha usichoweza kukilipia, mwenye jamaa mjini atapata ruhusa ya kutokwenda na asiye na mtu atakwenda, na hilo halitajenga taifa moja. Wazee wa miaka ya 1970 wanaolilia ulazima urudi wangesaidia zaidi kwa kudai hesabu mbili ambazo mbunge anaweza kuziuliza wizara kesho: waliomaliza mafunzo ya ufundi ya ZNS miaka mitano iliyopita wako wapi sasa, na wangapi walitoka kila wilaya ya Luapula. Bila hesabu hizo, kila hotuba kuhusu nidhamu ya vijana ni maoni ya mtu.

Na kuna jambo moja la hapa ufuoni ambalo mhitimu anayeishi Lusaka hatalijua asipoambiwa. Uvuvi Mweru hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na ni sheria nzuri, ziwa linaihitaji. Lakini mwaka wa shule Zambia huanza Januari. Karo, nauli, godoro na sanduku la kwenda nalo huhitajika katikati ya miezi ambayo nyavu zimekunjwa na nyumba ya mvuvi haiingizi kitu. Mkulima wa mahindi amepanda na anasubiri. Mvuvi haruhusiwi hata kujaribu. Kijana aliyeshinda nafasi anaweza kuipoteza kwa kuchelewa wiki tatu kwa sababu ya tarehe, wala hakuna aliyemnyima. Hilo linaweza kurekebishwa bila sheria mpya: ufadhili wa CDF kwa kata za ziwani uidhinishwe na kulipwa kabla ya Novemba kwisha, na ujumuishe nauli na vifaa, usiishie kwenye karo. Mhitimu wa ZNS anayetaka kumwona mbunge wa Nchelenge mwaka huu angeweza kwenda na ombi hilo moja, lililoandikwa ukurasa mmoja, likiwa na majina ya kata na tarehe.